Mwasiti na Tope la Mikokoni

Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika jua lilipochomoza. Kufikia saa nne joto lilikuwa limerudi, na mawingu mazito yalikuwa yamesimama upande wa bahari. Hapa Chuno maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye mabati, na katika nyumba ya marehemu Yassini kila ndoo ilikuwa imekingwa.

Mjane wake, Mwasiti, alikuwa katika eda. Asubuhi hiyo alikaa sebuleni katika nguo zake nyeupe, mbele ya ua la mumewe, akiyatazama majani yake. Ua lilikuwa linakufa, naye alijua linakufa kwa nini.

Ua lenyewe si la huku kwetu. Yassini alikuwa mlinzi wa nyumba moja ya Shangani, hapa hapa mjini, iliyopangwa na wageni waliokuja kwa kazi za gesi. Walipoondoka waliacha vitu vichache barazani, na miongoni mwake kopo lenye mmea wa majani mapana yanayong'aa, mfano wa gimbi lakini membamba zaidi. Ukichanua hutoa ua jeupe lililo kama kiganja kilichokunjuliwa. Ni mmea unaopenda maji, mizizi yake huvumilia kuloa kutwa kucha, ila jua kali haulitaki, ndiyo maana huwekwa ndani. Yassini aliupakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani, akauweka karibu na dirisha, kopo likiwa ndani ya beseni la maji.

Mwasiti hakuupenda. Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Nanyamba, katikati ya mikorosho, ambako wakati wa kiangazi wanawake hutoka kwenda kisimani giza halijaondoka na kurudi jua limepanda. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kumwagilia mmea usioliwa ni sawa na kumwaga maji chini. Mwaka wa kwanza aliwahi kumwuliza mumewe kama hilo jani ndilo litakalomzika. Yassini hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliendelea kulipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, jani moja baada ya jingine.

Watoto waliowazaa hawakuishi. Jioni, Yassini akitoka zamu, alikaa pale dirishani akibadilisha maji ya beseni, na nyumba ilikuwa kimya. Baadaye Mwasiti, bila kusema lolote, akaanza kumwekea kando maji ya kuoshea mchele kwa ajili ya ua. Huko ndiko kulikuwa kukubali kwake.

Mwaka jana Yassini alipatwa na maradhi ya figo. Akiwa kitandani alisema, si mara moja, kwamba mizizi imejaa, kopo limekuwa dogo, akipata nafuu atalihamisha ua. Hakupata nafuu. Alizikwa mwishoni mwa Novemba, na baada ya hitima, watu walipotawanyika, kazi ile ikabaki pale pale. Kopo lilikuwa limepasuka ubavuni na mizizi imetokeza. Mwenye eda hatoki uwanjani kwake bila dharura, na kwenda kutafuta udongo wa ua hakuna ambaye angesema ni dharura. Kwa hiyo Mwasiti alimweleza mkwewe, Bi Saida, aliyekuja kukaa naye, na Bi Saida akamweleza mwanawe mdogo, Shafii.

Shafii anavua pweza Msimbati. Ni mtu wa pwani tangu utotoni, na mimea anayoijua yeye inayosimama majini ni mikoko. Kwa akili hiyo, na kwa mapenzi ya kaka yake, alikwenda mpaka karibu na Ruvuma inapoingia baharini, kwenye mikoko mirefu, ambako tope ni jeusi na limenona. Akachota ndoo nzima, akaifunga nyuma ya pikipiki, akaileta mjini. Alikata dumu la lita ishirini, akalitoboa matundu chini, akalitoa ua kwenye kopo na kulipanda upya kwa mikono yake mwenyewe. Alipokuwa ananawa, machozi yakamtoka. Makaburini hakuwa amelia. Mama yake aligeuza uso ukutani ili asimwaibishe.

Tangu siku hiyo tope lile likawa na heshima yake humo ndani.

Hazikupita siku nyingi, majani yakaanza kuwa ya kahawia kwenye kingo, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Shafii alikuja kila Ijumaa baada ya swala kumjulia hali mama yake na shemeji yake. Aliinama, akalitazama ua, akasema linazoea chombo kipya. Mwasiti aliitikia. Mtu wa mikoroshoni angejuaje tabia za mimea ya majini? Ila jana yake, Alhamisi, alipokuwa akimwaga uani maji ya beseni lililo chini ya dumu, yalimrukia mdomoni. Alisimama. Akachovya kidole katika yale yaliyobaki, akaonja tena kwa makusudi. Chumvi tupu.

Alimwambia Bi Saida usiku ule ule kabla ya kulala. Bi Saida akasema afadhali waache. Kijana alifanya kwa ajili ya kaka yake. Wakimwambia kwamba ameliunguza ua la Yassini, watakuwa wamemzika na yeye. Life taratibu, waseme ni amri ya Mungu.

Mwasiti hakubishana na mkwewe. Lakini hakupata usingizi. Kulibadilishia udongo kwa siri kupitia jirani kungekuwa kumzunguka Shafii, naye angeliona dumu na kuelewa. Kunyamaza kungekuwa kulizika ua la Yassini likiwa hai. Na njia ya kumwambia ilikuwa imefungwa, kwa sababu utani wao ulikuwa umekwisha. Tangu Mwasiti aolewe, yeye na Shafii walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana: Shafii akimwita bibi wa korosho anayeogopa mpaka mchuzi wa pweza, yeye akimwambia kwamba ananuka ngalawa. Tangu msiba, Shafii alimwamkia ameinamisha kichwa, kama anayemwamkia mtu mzima asiyemfahamu.

Sasa Ijumaa hiyo Shafii alifika kutoka msikitini na kanzu yake, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango ulioachwa wazi. Bi Saida alikuwa kitini. Waliulizana hali. Shafii alilitazama ua kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Linazoea, shemeji," alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Mwasiti aliweka chini ungo aliokuwa nao.

"Shafii, ninyi watu wa Msimbati, mtu akiwatuma udongo mnaleta mchuzi."

Bi Saida aliinua macho. Shafii alimtazama mama yake, kisha akamtazama shemeji yake kama mtu aliyeitwa kwa jina la zamani.

"Mchuzi?"

"Mchuzi. Tena umeukoleza chumvi bila kuuliza kama mgonjwa ana presha." Mwasiti alilisukuma beseni kwenye mkeka. "Onja."

Shafii alichovya kidole, akaonja. Kidole kilibaki mdomoni.

"Nimeliunguza," alisema.

"Umelipa ulichokuwa nacho. Na mimi bibi wa korosho nikalipokea, nikaona tope limenona."

"Kaka angejua."

"Kaka yako angecheka kwanza, halafu angekutuma tena. Sasa nakutuma mimi."

Bi Saida alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa mtandio, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia mpaka aliposema, bila kujifunua, kwamba Shafii akirudi na tope lenye kaa ndani asipitie mlango ule. Shafii akacheka kidogo, akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu.

Bi Saida ndiye aliyekumbuka kwamba wana ndugu Kitere mwenye majaruba ya mpunga, mahali ambapo maji hayana chumvi. Shafii aliazima suruali ya marehemu, ikamfika juu ya kifundo, akawasha pikipiki akaondoka.

Mwasiti hakumngoja. Alilitoa ua kwenye dumu pale uani, akalizamisha katika ndoo ya maji ya mvua, akalitikisa polepole hadi tope lilipoachia. Akamwaga, akazamisha katika ndoo nyingine, akaonja, akamwaga tena, mpaka ulimi haukusikia kitu. Mizizi mingi ilikuwa imegeuka kahawia na laini, ngozi ikitoka kwa kuvutwa tu, ndani ikabaki kama uzi. Hiyo aliikata. Shina lililokuwa na vichipukizi vingi lilibaki na kimoja chenye mizizi myeupe, migumu. Dumu la lita ishirini halikuwa na maana tena. Alichukua chungu cha maharage kilichotoboka kitako, akakisugua kwa majivu na kukisuuza.

Shafii alirudi kabla ya magharibi na gunia la udongo wa jaruba na mfuko wa mapumba ya mpunga. Yeye na Mwasiti waliuchanganya, Bi Saida akisimamia na kulalamika kwamba mkono wa Shafii ni mzito. Mwasiti alikishika kile kichipukizi kikae wima, Shafii akijaza udongo pembeni na kuushindilia kwa vidole. Hakulia. Alisimulia jinsi Yassini alivyowahi kuanguka kwenye jaruba hilo hilo siku ya harusi ya ndugu yao, na suti yake.

Yalibaki majani mawili makubwa, yaliyoungua zaidi ya nusu. Bi Saida alisema yakatwe, yanakula nguvu ya kichipukizi. Mwasiti alijua ni kweli. Majani mengine yalikuwa yamezaliwa wakati wa ugonjwa, lakini hayo mawili Yassini alikuwa akiyapangusa. Aliomba yaachwe kwanza. Hakuna aliyemlazimisha.

Kama mmea utashika, hatujui. Shafii alisema atarudi Jumatatu, asingoje Ijumaa.

Asubuhi yake, Jumamosi, Mwasiti aliswali, akafagia uani, akawasha mkaa na kuteleka uji wa mkwewe. Mwanga ulipoingia sebuleni alichukua kisu kidogo, akapiga magoti mbele ya chungu, akalishika jani la kwanza chini kabisa kwenye shina na kulikata, kisha la pili. Akayabeba yote mawili nje, akayaweka kwenye shimo la takataka, akayafunika kwa mchanga. Kisha akanawa mikono na kwenda kukoroga uji.