Bibi Aliyependa Foleni

Mtaa mzima wa Makorora, bibi yangu ndiye mtu pekee aliyependa foleni. Sisi wengine tulizilaani. Miaka ile sukari ilikuja kwa uvumi, na ukiona watu wamejipanga ulijipanga kwanza, ukauliza baadaye kinauzwa nini. Bibi hakuuliza kabisa.

Desturi ilikuwa kuweka jiwe mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, likushikie nafasi wakati wewe unateka maji. Kila jiwe lilijulikana ni la nani, na ole wake aliyelisogeza la mwenzake. Bibi hakuweka jiwe, alijiweka yeye. Alijipaka wanja, akajitanda doti ya mwisho ya kanga aliyobaki nayo, akaketi kwenye kigoda chake katikati ya mawe ya watu, akiwangoja wenyewe waje.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi mjukuu wake. Babu alikuwa ameshafariki. Wanawe walikwenda kutafuta maisha mbali, na barua zao zilikuwa adimu kama hiyo sukari.

Siku moja nilikuwa naye alipofika dirishani. Badala ya kununua, akamwambia mama aliyekuwa nyuma yake, "Pita mwanangu, wewe una watoto." Akampisha na wa pili, na wa tatu, huku akiwauliza hali za waume na wakwe zao. Sukari ikaisha. Watu wakamsifu kwa huruma yake. Mimi nililia kwa hasira, kwani wiki nzima nilikuwa nakunywa uji bila sukari.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nilimwambia njiani.

Akacheka. Alizoea kuniita mke mwenzake, utani wa bibi na mjukuu wa kike. "Alosema hivyo, mke mwenzangu, alingoja peke yake."

Nilimwona ana wazimu kidogo. Wala sikuwa peke yangu.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, duka la ushirika likafungwa na popo wakahamia. Nami nikaolewa Usagara. Kutoka Usagara hadi Makorora si safari, mtu hufika kwa miguu bila kutoka jasho. Lakini nilikwenda kwa bibi siku za Idi na penye msiba, basi. Siku nyingine nilimtuma mtu ampelekee mfuko wa mchele, sukari na sabuni, nikajiona mjukuu mwema kupita wote.

Ndipo muuguzi mmoja wa zahanati aliponisimamisha njiani. Aliniambia bibi yangu huenda pale kila asubuhi, amejipaka wanja, akaketi kwenye benchi na wagonjwa. Zamu yake ikifika humpisha mwingine. Haumwi chochote. Mchana huaga watu wote na kurudi kwake.

Niliona aibu, na aibu yangu ikageuka ukali. Nilikwenda Makorora siku ile ile. Hata shikamoo niliitoa kwa kuikata.

"Bibi, watu watasema hatukutunzi. Unakosa nini humu ndani?"

Alitazama mfuko wa sukari nilioutuma wiki iliyotangulia, ukiwa bado haujafunguliwa. "Sikosi kitu," akasema. "Basi, mke mwenzangu. Sendi tena."

Nikamnunulia redio, ili asichoke na kimya. Naye alishika neno lake. Hakwenda tena zahanati wala mahali pengine. Nilifurahi kwamba amenisikia, na kwa furaha hiyo nikakaa miezi bila kumwona. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Jirani ndiye aliyemkuta.

Kwenye matanga walikuja wanawake nisiowajua. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. Walisema walikuwa wakikaa naye pale zahanati, kwamba alijua majina ya watoto wao wote, na kwamba alipotoweka waliulizana asubuhi nyingi bila kupata wa kuwaambia kwake ni wapi. Habari za msiba walizisikia msikitini.

Yule mzee alinishika mkono. "Alikuwa akiumwa sana, hata akashindwa kuja?"

Ningeweza kumwambia kweli. Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wananitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa akiumwa sana."