Vidole vya Evelina

Mwaka tisini na tano, viwanda vya minofu ya sangara vikiota Mwanza kama uyoga, Evelina Maige wa Buhongwa alikuwa mkataji, na matumbo ya watoto watatu yalitegemea kisu chake. Basi vidole vikaanza kumgeuka. Akishika barafu vinakuwa vyeupe pe, kisha vya bluu, kisha vyekundu na maumivu ya kumtoa machozi. Msimamizi akasema ni uvivu. Uvivu wenye rangi tatu, jamani! Wenzake wakamsukuma aende hospitali.

Dokta Otuoma hakumficha. Kama vimishipa vya damu vya vidoleni vimeharibika, huenda ni ugonjwa unaokaza ngozi na mwisho hula vidole vyenyewe. Kama ni vizima, basi ni baridi tu. Vinaonekana pale ngozi inapopakana na kucha, ukidondoshea tone la mafuta na kuchungulia kwa hadubini. Akamwambia aje Jumatatu.

Sasa Evelina, mtu wa haya zake, ampelekee daktari mikono inayonuka shombo? Thubutu. Jumapili nzima alisugua kwa limau, kwa majivu, mwisho kwa mchanga wa kusugulia masufuria. Jumatatu akaketi mbele ya hadubini akinukia kama bibi harusi. Otuoma akapitia vidole vyote kumi, asione ila michubuko na damu iliyovilia. Akamwambia kwa upole arudi baada ya wiki tatu, na safari hii mikono aiache inuke.

Wiki tatu hizo Evelina alikata samaki huku roho mkononi. Kila kidole kilichokufa ganzi, alikwisha kukizika moyoni.

Aliporudi, dokta alichungulia kidole baada ya kidole, hadi cha kumi.

"Mama, vimishipa vyako vimepanga mstari, hakuna kilichoharibika. Ni baridi. Achana na barafu."

Evelina alilia kwa furaha. Kisha akakumbuka kwamba barafu ndiyo kazi.

"Nikiiacha, dokta, watoto wale hivyo vimishipa?"

Otuoma akaandika kwenye kadi: ajiepushe na baridi.

Mwezi uliofuata Evelina alikuwa nje ya ukuta wa kiwanda, mbele ya karai la mafuta yanayochemka, akikaanga mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya. Vidole vilitulia na rangi yao. Wateja ndio waliomnunia, wakihoji mbona mapanki yake hayana hata chembe ya nyama.

"Wakataji wa humo ndani wana mikono mizuri," akawajibu, akageuza panki upande wa pili.