Tuzoraba Maana Yake Hapana

Naikumbuka siku ambayo mama mmoja wa Muyinga, Burundi, alifunga duka lake, akavuka mpaka na kusafiri mpaka Biharamulo ili kutuambia tuache kumpigia simu.

Mwanangu Jeneroza, jana uliponiuliza kama bosi wako yuko sahihi, sikukujibu haraka kwa sababu nilikuwa namfikiria mama huyo. Leo nakuandikia.

Nilikuwa msichana bado, simu za mkononi zikiwa ni kitu cha kujivunia, na nilikuwa nimeajiriwa na mfanyabiashara wa asali hapa Biharamulo. Alikuwa Msukuma, mchangamfu, mkarimu wa chai, na mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alinichukua kwa sababu mimi ni Mhangaza wa Murusagamba, huko Ngara mpakani, na Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Kazi yangu ilikuwa kuyapigia maduka ya ng'ambo ya mpaka na kuuliza kama yanahitaji asali.

Mama Spesioza, ndiye huyo wa Muyinga, alikuwa na duka dogo. Mara ya kwanza alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Tuzoraba." Ukitafsiri neno lenyewe ni "tutaona". Lakini wewe ni mtoto wa nyumbani, unajua kwetu mtu hamwambii muuzaji hapana waziwazi. Anasema tuzoraba, na mwenye akili anaaga.

Nilimweleza bosi hivyo, akacheka. "Ataonaje usipompigia? Halafu ile namba ameiandika kwa rangi mwenyewe kwenye ukuta wa duka. Namba ya biashara ni ya kupigiwa."

Basi nikaamriwa nipige tena, na tena. Mwishowe mama akasema kwa Kirundi kilichonyooka kwamba nisimpigie kabisa. Bosi akasema anataka apunguziwe bei tu.

Siku alipokuja, alikaa kwenye benchi la ofisini bila hata kufungua kanga aliyojifunga begani. Alizungumza, mimi nikatafsiri. Alikuwa na simu moja tu, ya duka na ya nyumbani, na chaji alikuwa anaipata sokoni. Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa mbali, na ujauzito ulikuwa umefika miezi yake. Walikubaliana kwamba uchungu ukianza atapiga, mama aende. Siku uchungu ulipoanza, tulikuwa tumempigia mpaka chaji ikaisha na simu ikazimika. Binti alipopiga hakumpata. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini alijifungua akiwa na watu asiowajua, na mama yake yuko dukani anapima sukari.

"Mwambie bosi wako," alisema, "simu ni ya duka, lakini anayeipokea ni mimi."

Nilitafsiri. Yule bosi mbishi hakubisha. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akasema pole, na tangu hapo aliyetuambia tumwache tulimwacha. Mama Spesioza hakununua asali yetu hata siku moja, na sikumlaumu.

Sasa nije kwako. Bosi wako anasema wale wakaangaji kahawa wa Ulaya na Marekani unaowapigia ili kuwauzia kahawa yetu ni makampuni, si watu, kwa hiyo sheria za kujitoa kwenye simu za matangazo haziwahusu. Amesema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayokuponza. Marekani orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa imewekwa hasa kwa ajili ya watu wa majumbani, na simu nyingi za biashara kwa biashara ziko nje yake. Uingereza makampuni nayo yana orodha yao, na mwenye biashara ya mtu mmoja wanamhesabu kama mtu binafsi. Ujerumani huwezi kumpigia mfanyabiashara hivihivi tu, lazima uwe na sababu ya kweli ya kuamini kwamba angependa simu yako. Na hapa kwetu, sheria ya taarifa binafsi inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia bidhaa. Unaona kwamba kukaa kwako Biharamulo hakukuondolei wajibu. Usiangalie sheria ya kwetu peke yake, tafuta na ya kule simu inakolia, kila nchi peke yake, na uitazame upya kwa sababu sheria hubadilika.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji mwanasheria. Mtu akikuambia usipige tena, iwe ni duka, kampuni au kiwanda, usipige, na hakikisha mwenzako wa meza ya pili naye hapigi. Akikukwepa kwa adabu kama watu wetu, muulize waziwazi kama angependa uache, umpe nafasi ya kusema. Mwambie bosi wako hivyo kwa heshima, kabla hujagusa simu kesho. Najua unaogopa kazi itaota mbawa, na kazi ni ngumu kuipata. Nami naogopa kwa niaba yako. Akikufukuza kwa hilo, njoo nyumbani, ndizi zipo.

Mungu akujalie, mwanangu, riziki isiyohitaji kumchosha mtu ili uipate, na siku utakapojifungua wewe, niipokee simu yako kwa mlio wa kwanza.