Nilizivisha Gunia Baskeli za Theluji

Mama yangu alinichapa mara moja tu kwa sababu ya maji, na kosa halikuwa langu, lilikuwa la jua la Jidda. Nilikuwa na miaka saba au minane, sijui, aliyekuwa akihesabu ni yeye. Tulikuwa tumeshatoka Unguja, tunakaa Al-Hindawiyah, watu tisa vyumba viwili, na mjomba mmoja aliyekuwa akikoroma kwa niaba ya wote. Kila adhuhuri akipita muuza barafu, Myemeni mmoja mrefu, na baskeli yake, nyuma kafunga bonge la barafu ndani ya gunia. Siku hiyo likamegeka pande, nikaliokota. Nikataka bibi alione akirudi kutoka kwa jirani, basi nikalificha mahali penye usalama kuliko pote nyumbani: ndani ya sanduku la njumu la mama, katikati ya kanga zake za arusi.

Barafu ikaenda zake. Ikaacha rangi nyekundu ya kanga moja juu ya nyeupe ya kanga ya pili. Baada ya bakora mama akanikokota mpaka kwa yule Myemeni, na yeye anikanye. Hakunikanya. Alicheka mpaka akakaa chini, akanambia, "Thalji, mwanangu, haikai ila kwenye gunia."

Nimesahau mengi, pamoja na yote ya skuli, maana nilisoma darasa mbili nikatoka. Lakini hilo la gunia nimekaa nalo miaka sitini nikingoja siku ya kulitumia.

Sasa, Kiarabu nakipenda, lakini hapa kina ubahili kidogo. Sisi tuna barafu na tuna theluji, ijapokuwa theluji yenyewe hatunayo. Wao zote mbili ni thalji. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Kazi yangu ni kushona vitu vizito, viti vya magari, maturubai, mifuniko ya majenereta. Binti yangu kaolewa Riyadh, anakaa Al-Naseem. Mwaka jana akanipigia simu.

"Baba, unamkumbuka yule mama wa Kenya aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani?"

"Yule aliyeicheka kofia yangu?"

"Huyo huyo. Siku hizi anaangalia baskeli za thalji. Thalji inaingia kwenye breki, hazishiki. Anaomba umshonee vifuniko. Mudiri wake kampa mpaka Alhamisi. Breki zikikataa tena, baskeli zinaondolewa, na yeye anarudishwa kazi za ndani."

Nikamwambia anipe vipimo. Vikaja kwa picha: breki, rula, na kidole gumba cha yule mama. Ilikuwa breki ya sahani, sahani ya chuma na taya inayoiuma. Nikaona matairi manene, nikasema naam, bila ya shaka, mzigo wa barafu ni mzito. Sikuuliza kitu. Mtu wa umri wangu akishajua jambo haulizi, ndiyo maana tukikosea tunakosea kwa ufundi.

Baskeli zilikuwa sita, breki mbele na nyuma. Nikashona vifuniko kumi na viwili vya gunia, mshono mara mbili, pindo la turubai, kamba ya kukazia. Vizuri namna ile sijapata kushona. Nikapanda basi la Riyadh, na Msudani mmoja akalala begani kwangu tangu Taif. Alikuwa na kichwa kizito, Mungu amzidishie.

Jumanne yule mama akanipokea mlangoni pa duka kubwa. Nje joto la kukaangia yai, yeye kavaa koti kama godoro.

"Karibu mzee. Umebeba sweta?"

"Sweta ya nini, mama? Mimi nimekuja kwenye baskeli za barafu."

Akaniazima koti, tukaingia. Jamani. Ndani ya nyumba mna mlima. Mlima mweupe, na watu wazima wanateleza juu yake kwa makalio, wamelipa kabisa ili wateleze. Baskeli sita zimesimama chini, hazina pa kubebea hata kilo moja ya barafu.

"Hii ni nini?"

"Ni snow, mzee. Theluji ya mashine, na hizi baskeli ni za watu kuteremkia."

"Na barafu ya kuuza iko wapi?"

Akaniangalia, akauangalia mfuko wangu. Akaufungua, akatoa kifuniko kimoja, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma.

"Mzee. Hii ni gunia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unashonea breki ama viazi?"

Tulivijaribu hivyo hivyo, kwa heshima ya nauli yangu. Alipanda mlima akashuka, breki zikashika. Akashuka mara ya pili, zikashika. Mimi nimeshaanza kusimama kama mtu anayejulikana. Mara ya tatu gunia limeshalewa maji, na maji yameshaganda. Likawa gumu kama ubao, likaibana sahani, baskeli ikasimama katikati ya mteremko. Yeye hakusimama. Alipita juu ya usukani akaja mpaka miguuni kwangu kwa tumbo.

Alicheka. Akakaa kwenye theluji akaendelea kucheka, kisha akaacha.

"Alhamisi ni kesho kutwa, mzee. Kule kwa nyumba nilikuwa nalala nikiwa kwa kazi na naamka nikiwa kwa kazi. Hapa nikitoka nimetoka. Naenda zangu Murabba kwa bustani, natoa viatu, hakuna mtu ananiita. Hiyo ndiyo sitaki kupoteza."

Nikatazama chini. Na pale chini nikaviona viatu vyake, mabuti ya mpira. Kateleza nusu ya mlima, nguo zote nyeupe, lakini mabuti meusi matupu. Theluji haikuyashika. Nikamwambia tutashona upya, kwa mpira.

Wakati huo mudiri akafika, bwana mpole mwenye simu mbili, akaniamkia, "Ahlan ya muallim."

"Anakuita mwalimu?" akaniuliza yule mama.

"Kwao ni fundi."

"Kwetu ni mwalimu. Basi nifundishe kushona, maana ukirudi Jeddah na hizo mpya zipasuke, nitakuwa pale pale."

Mimi, niliyetoroka hata chuo cha Kurani, nimepata mwanafunzi.

Kesho yake nikenda Al-Batha kwa fundi wa pancha, akanipa tyubu kuukuu za matairi ya lori, kafurahi kuzitoa mlangoni pake. Alasiri yule mama alipotoka kazini akaja Al-Naseem, tukazitandaza juu ya meza ya binti yangu ya kulia chakula. Nikakata kielelezo kwa karatasi ngumu. Cha kwanza alichoshona kilikuwa kama sikio la mbuzi.

"Toboa kwanza, ndipo upitishe sindano," nikamwambia. "Mpira hausamehe tundu. Ukikosea unabaki nalo."

"Kama bwana yangu wa kwanza," akasema, akatoboa. Binti yangu jikoni akaangusha mwiko.

Pembeni tukatia lastiki, kivulike bila kamba. Kilipokuwa kimekamilika akakishika mbele ya taa.

"Mwalimu, na maji ikiingia, itatokea wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiri. Tukatoboa vitundu viwili chini. Kumi na viwili tukavimaliza, mimi vinne, yeye vinane, na vyake vya mwisho vilikuwa vizuri kuliko vyangu, macho yangu si yale.

Alhamisi akashuka mlima mara ishirini. Theluji ikiugusa mpira inadondoka. Mara ya ishirini akafunga breki mbele ya viatu vya mudiri, pakabaki nafasi ya dole gumba.

Mudiri akanishika mikono miwili.

"Halas, ya muallim, wewe unabaki hapa. Baskeli zaidi zinakuja. Utashona, utatengeneza, utaziangalia. Huyu tutamtafutia pengine."

Yule mama Kiarabu cha kusikia anacho. Aliinama akawa anaifuta sahani ya breki ambayo ilikuwa safi.

Nikamwambia mudiri, "Mimi nilishona vile vya gunia. Hivi ni vya huyu. Muulize vitundu vya chini kazi yake nini."

Mudiri akamgeukia. Na yeye akaanza, Kiarabu nusu, Kiswahili nusu, yaliyobaki kwa mikono. Mimi nikamwachia juu ya kiti cha baskeli msumari wangu wa kutobolea, sindano, uzi na kile kielelezo. Nyuma yangu nikamsikia akisema "moya, moya," maji kwa Kiarabu, anamwonyesha yanavyotoka. Nikarudisha koti mlangoni, nikatoka kwenye joto, nikapanda basi la Jidda. Sijarudi tena.