Rangi Mbili Kisimani

Shangazi yangu ni fundi wa visima, na kwa udadisi hana mpinzani. Akifika kwenye kiwanja cha mtu haanzi na sururu. Anafikicha udongo, anaulamba, anauliza miti ile imeota lini na mvua ikinyesha maji hukimbilia upande gani. Kabla ya kuingia shimoni hushusha mshumaa uliowashwa. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, hashuki mtu.

"Mwamba, maji, hewa na vyenye uhai ni majirani," husema. "Ukimgusa mmoja, wote wanapata habari."

Lakini mganga hajigangi. Kisima chetu cha uani, cha kwanza alichochimba maishani mwake, kilipoanza kunuka, hakuuliza swali hata moja. Alimnyooshea kidole fundi magari wa nyuma ya ukuta. Mwenye nyumba aliyempangisha gereji naye, bila ajizi, akampa fundi wiki mbili ahame.

Fundi alikuja kwetu, grisi hadi viwikoni. Hakupiga kelele.

"Shangazi, wewe hata udongo huuamini mpaka uulambe. Mbona mimi hukunipima?"

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake alinunua rangi za keki. Nyekundu aliimwaga kwenye shimo la maji machafu la gereji. Ya kijani, asije akaitwa mwonevu, kwenye shimo la bafu letu. Nilimcheka sana, mtu mzima na rangi za keki! Hata hivyo kila asubuhi mimi ndiye niliyewahi kisimani, macho kodo.

Siku ya tano ndoo ilipanda na maji ya kijani.

Shangazi aliyachota kiganjani, akayanusa. Nilimwonea huruma, na haya nikaona pia, maana hata mimi nilikuwa nimeshamhukumu fundi.

"Bafu lile nilijenga mwenyewe," alisema polepole. "Nilidhani mwamba umeinamia barabarani, maji machafu yafuate huko. Kumbe umeinamia huku! Sasa umepinda wapi?"

Hakumtuma mtu. Alijitwika ndoo, akazunguka ukuta, akaitua miguuni pa fundi mbele ya wateja wake.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Twende kwa mwenye nyumba nikamwambie. Litakalohama ni bafu langu, si wewe."

Fundi aliyaangalia yale maji, akafuta mikono kwa kitambaa, akambebea ndoo.