Nani Ataamini Mnakula Embe Moja?

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba changu Buguruni bila kujua ninaenda wapi. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule. Miguu ikiwasha, natoka. Karibu na Mnazi Mmoja mama mmoja alikuwa anakata embe bichi, anapaka chumvi na pilipili, na harufu ile kali ikanisimamisha. Sikununua. Nawaambia ninyi sababu yake, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Tulipanga chumba cha uani Kariakoo, na kwenye ghorofa ya jirani aliishi Rupal, binti wa Kihindi, ambaye hata babu yake alizaliwa mtaa ule ule. Tukitoka shule tulinunua embe moja, tukakaa kwenye ngazi zao na kulila kwa zamu, kila mmoja akimchunga mwenzake asing'ate zaidi. Mama yake alilalamika kwamba pilipili zinachafua ngazi. Mama yangu alilalamika kwamba nimeanza kudharau ugali, nataka chapati za kina Rupal.

Kisha wakaja watu wa filamu. Walisema wanatengeneza tamthilia ya vijana wa Kariakoo, "maisha yenu wenyewe," na wanatafuta wasichana wawili marafiki. Tulifanya mazoezi kwenye ngazi mpaka sauti zikakauka. Tulitaka kitu kimoja tu: tuonekane pamoja.

Mwongozaji, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alilitazama embe letu akacheka.

"Sasa nyie mabinti, nani ataamini Mhindi na wewe mnakula embe moja?"

"Si unatuona?" Rupal akamjibu. "Au miwani inakusumbua, kaka?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akanuna. Wasichana wa kuigiza wale marafiki wawili walishapatikana, wote weupe wa ngozi, na mmoja wao ndiyo kwanza alikuwa anakanyaga Kariakoo. Sisi tukapewa vipande vidogo. Mimi niwe msichana wa kazi, "kwa rangi hiyo utafaa sana." Rupal awe binti wa mwenye duka, anifukuze. Ila aongee Kihindi-hindi.

"Ndiyo kuongeaje huko?"

"Kama Wahindi wanavyoongea."

"Mhindi si mimi? Ndivyo ninavyoongea."

"Mdogo wangu, unataka kuonekana au hutaki?"

Tulitaka. Basi Rupal akapaza sauti isiyo yake: "Veve nataka nini hapa? Toka!" Nami nikainamisha kichwa, ndoo mkononi. Wakatupigia makofi.

Ilipoonyeshwa kwenye kibanda cha video mtaani, watu walicheka wakashikana mabega. Tangu siku ile Rupal hakushuka ngazi kwa amani. Watoto waliomjua maisha yao yote walimngojea chini: "Veve nataka nini?" Mimi wakaniita hausigeli. Nikapanda na embe, nikagonga. Mama yake akafungua mlango nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kufukuzwa. "Rupal hashuki tena. Nenda nyumbani."

Embe nikalitupa mtaroni.

Mama yangu alipenda kusema mwenye macho haambiwi tazama. Uongo! Mtaa mzima ulikuwa na macho. Ulituona kila jioni kwenye ngazi zile, na bado ulingoja kuambiwa na filamu sisi ni nani. Utotoni nilimkasirikia Rupal kwa kutoshuka. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba watu wa filamu hawakuonyesha maisha yetu vibaya. Walionyesha maisha ambayo hatukuwa nayo, kisha tukabaki nayo.

Jioni ya siku ile niliyopita Mnazi Mmoja, basi lilinishusha Korogwe, mji nisioujua, nikapata chumba gesti. Mapokezini alikaa binti wa mwenye gesti, mweusi kama mimi, anatazama tamthilia ya vijana kwenye simu. Wasichana weupe wanagombania mvulana. Nyuma yao, msichana wa kazi, kichwa chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni nani humo?"

Alicheka, akafikiri kidogo, akamgusa yule wa nyuma kwa kidole. "Labda huyu."

Akanipa ufunguo, kisha akainama kunibebea ndoo ya maji ya kuoga.

Nilimnyang'anya.

"Acha," nikamwambia, kwa ukali uliomshtua. "Nitabeba mwenyewe. Wewe kaa, nikuambie kuhusu Rupal."