Ziara ya Wageni Kwenye Meli ya Vita

Meli niliyofanyia usafi ilizaliwa meli ya vita. Wajerumani waliileta Kigoma vipande vipande kwa treni, wakaiunga hapa hapa ziwani na kuifungia mzinga mbele. Walipoona wanashindwa wakaizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi isiliwe na kutu. Baadaye Waingereza wakaiibua, ikawa ya abiria. Hayo nilifundishwa na mzee mmoja wa chumba cha injini. Kwa kuwa sikuwa bubu, msimamizi wangu akanipa na kazi ya kuwasimulia wageni. Niliipenda. Siku za wageni nilitoka nyumbani Katubuka na shati jeupe lililopigwa pasi.

Vita vya Burundi vilipochacha, wakimbizi walijaa kwenye kijiji kimoja cha kaskazini, chini ya milima, pasipo na barabara. Tukatumwa kuwachukua. Mitumbwi iliwaleta hadi ubavuni mwa meli, nasi tukawavuta kwa mikono. Kijijini walikuwa wakinywa maji ya ziwa lile lile walimojisaidia, na wengi walishaanza kuhara. Daraja la tatu, chini ya sitaha, vyoo viliziba kabla hatujang'oa nanga. Nilikokota ndoo na fagio huku nikitapika, nikarudi kufagia matapishi yangu. Niliwaonea kinyaa. Hilo sijalificha hata kwa mke wangu.

Safari ya tatu tulipotia nanga Kigoma, wageni walikuwa wamesimama gatini. Walikuja kuiona meli, na ziara yao ilipangwa zamani. Msimamizi alinishika mkono.

"Wale wa chini wasipande kwanza. Funga mlango. Wageni wakimaliza, tutawashusha."

"Bosi, kule chini hakuna hewa."

"Nusu saa tu. Kavae shati."

Nikafunga mlango wa chuma. Nikavaa shati.

Nikawasimulia treni, grisi, kuzama na kuibuliwa. Mgeni mmoja mnene, leso puani, aliuliza mzinga ulikaa wapi. Nikamwonyesha, naye akasimama pale akapigwa picha. Harufu ilipenya kwenye nyufa za sakafu, ikachanganyika na ya samaki wa migebuka waliokuwa wakikaangwa kwa ajili yao. Hakuna aliyeuliza inatoka wapi. Walisogea upande wa upepo, wakala.

Mlango ukagongwa. Niliufungua kidogo, nikaona mwanamke wa rika langu, jasho limemlowesha kichwa.

"Amazi," alisema. Maji. Mimi ni Muha. Neno hilo kwetu ni hilo hilo, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. "Ya mama yangu."

Nilimtazama msimamizi. Alitikisa kichwa.

"Subiri kidogo, dada," nikamwambia, nikausukuma mlango hadi ukafungika. Alikuwa ameweka vidole pale. Aliviondoa upesi.

Wageni walikaa zaidi ya saa. Walipoondoka nilifungua, watu wakapanda wakishikilia kuta. Yule mwanamke hakupanda. Nilishuka, nikamkuta amekaa kwenye uchafu pamoja na mama yake, bibi mwembamba aliyejifunika uso kwa viganja. Kitenge chake kilikuwa kimechafuka chote.

"Shikamoo, bibi. Twende juu."

Alirudia neno moja tu: "Isoni." Aibu. Binti yake akanieleza kwamba ni mke wa mchungaji, na hawezi kupita mbele ya watu akiwa hivyo.

Nikaleta maji safi, ndoo mbili. Kwanza alikunywa. Kisha binti yake akamwosha, nami nikashika shuka la daraja la kwanza kama pazia, nimegeuza uso. Alipomaliza tulimfunga shuka lile, nikambeba mgongoni hadi gatini. Hakunishukuru, na sikuona kwa nini anishukuru.

Msimamizi aliuliza habari za shuka. Nilimwambia lilipo, kisha nikamwambia sitasimulia tena.

"Umechoka tu," alisema.

"Nimejichukia."

Alinihamishia chumba cha injini, nikafanya kazi huko hadi nilipostaafu. Mwingine alipewa historia. Nilimsikia mara nyingi juu ya kichwa changu akiwahesabia wageni vita vya meli ile, vya kwanza hadi vya mwisho. Watu wa safari zile tatu hakuwataja hata siku moja. Wala mimi sikupanda ngazi kumsahihisha.